Ninawasikia, hawanisikii: jinsi nilivyoitafutia sauti yangu njia kwenye mchezo

Katika Counter-Strike 2, mchezo wa kompyuta wa mapigano ya vikosi viwili, kikosi kina watu watano, na bomu likishategwa hulipuka baada ya sekunde 40. Ndani ya sekunde hizo hakuna nafasi ya kuandika ujumbe: anayemwona adui akipita hana budi kumtaja kwa sauti papo hapo, la sivyo wenzake wataingia kwenye mlango ambao tayari unalindwa. Kikosi chetu kimetawanyika. Mimi niko Lubumbashi, nchini Kongo, mdogo wangu yuko Likasi, marafiki wawili wako Kolwezi, na binamu yetu anafanya kazi Johannesburg. Nilipoanza kuchezea kwenye kompyuta ya mezani ambayo mchana huitumia kuchapa barua za wateja na kutoa nakala, niliwasikia wote vizuri kabisa, lakini wao hawakupata hata neno langu moja. Mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani ndugu mkubwa, aliniandikia: "Yaya, tunakuona unakimbia, lakini kwako ni kimya."

Ushauri niliopewa na karibu kila mtu ulikuwa mmoja, ninunue hedifoni nyingine. Sikuukubali, kwa sababu kati ya mdomo wangu na masikio ya mtu aliyeko Kolwezi kuna maikrofoni, waya, pini, tundu la kompyuta, Windows, programu ya kuzungumzia, na hatimaye mtandao, na hitilafu katika sehemu yoyote kati ya hizo huleta matokeo yale yale: kimya. Mwenye kununua hedifoni mpya anabadilisha sehemu moja tu, huku akiwa hajui kama ndiyo iliyoharibika. Kwa hiyo niliamua kuifuata sauti kuanzia mdomoni, bila kuruka hatua na bila kubadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja.

Kuzijaribu hedifoni zenyewe ilikuwa kazi rahisi. Nilizichomeka kwenye simu yenye tundu la mviringo, nikarekodi sauti yangu, kisha nikajisikiliza. Nilisikika wazi. Nilihakikisha pia kwamba kile kiswichi kidogo kilicho kwenye waya, ambacho hunyamazisha maikrofoni na ambacho husogea chenyewe kikikwaruzana na nguo, kilikuwa kimefunguliwa. Hedifoni hazikuwa na kosa, na fedha yangu ikabaki mfukoni.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonifunza mengi, nayo ni pini. Pini ya hedifoni zangu ni ile ya milimita 3.5, na ukiitazama kwa karibu utaona pete tatu nyeusi zinazoigawa chuma chake katika sehemu nne: mbili ni za sauti ya sikio la kushoto na la kulia, moja ni ya maikrofoni, na nyingine ni waya wa pamoja. Pini hiyo imetengenezwa kwa ajili ya simu na kompyuta ndogo zenye tundu moja linalofanya kazi zote mbili. Kompyuta yangu ya mezani ina matundu mawili tofauti, la kijani kwa ajili ya kusikiliza na la waridi kwa ajili ya maikrofoni. Nilipochomeka pini ya sehemu nne kwenye tundu la kijani, sauti ya wenzangu ilifika masikioni mwangu bila shida, lakini sauti yangu haikuwa na mahali pa kuingilia, kwa kuwa tundu hilo limeumbwa kwa pini yenye sehemu tatu na halipokei chochote. Hakuna mpangilio wa Windows unaoweza kuliponya jambo hilo.

Kinachohitajika ni waya mfupi wa kugawanya, wenye tundu moja upande wa hedifoni na pini mbili upande wa kompyuta, moja ikiwa na alama ya maikrofoni na nyingine alama ya hedifoni. Hapa mnunuzi anatakiwa kufungua macho, kwa sababu sokoni kuna waya mwingine unaofanana nao sana, wenye pini moja na matundu mawili, ambao kazi yake ni kuwawezesha watu wawili kusikiliza muziki kutoka simu moja. Kijana aliyekuwa akiuza vifaa vya simu katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, alinipa huo wa pili. Nilipokataa, alinijibu kwa upole, "Papa, zote ni moja, tofauti ni rangi tu." Nilimwomba anionyeshe ncha zote za nyaya alizokuwa nazo, nikahesabu pini na pete mbele yake, na chini ya rundo tukaupata ule nilioutaka. Kuhesabu huko kulichukua muda mfupi kuliko safari ya kurudi sokoni.

Baada ya kuuchomeka, nilifungua Windows. Kompyuta zetu nyingi hapa zinatumia menyu za Kifaransa, kwa hiyo nitayataja majina kama yalivyo kwenye skrini. Njia ninayoipenda ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika mmsys.cpl, kisha kufungua sehemu ya "Enregistrement", ambamo kila maikrofoni iliyounganishwa inaonekana ikiwa na mstari mdogo wa kijani pembeni. Gusa maikrofoni yako kwa ukucha, tik tik tik, huku ukitazama ni mstari upi unaoruka. Kwangu uliruka ule wa maikrofoni ya waridi, jambo ambalo lilinithibitishia kwamba waya umefanya kazi, lakini alama ya chaguo kuu ilikuwa mbele ya maikrofoni ya kamera ya USB ninayoitumia kupiga picha za pasipoti. Windows ilikuwa inaisikiliza kamera iliyogeuzwa kuelekea ukutani. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya maikrofoni unayoitaka, uifanye kuwa chaguo kuu la sauti na pia la mawasiliano, kwa maana hayo ni machaguo mawili yanayojitegemea na baadhi ya programu hufuata la pili.

Upo pia mlango mwingine ambao watu wengi hawaujui, nao uko katika mipangilio ya faragha, chini ya "Microphone". Windows inaweza kuzizuia programu zote zisiisikie maikrofoni, na kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika hubaki na uamuzi wa mwenyewe wa kwanza. Usiishie kwenye orodha ya programu zilizotoka katika duka la Microsoft. Michezo inayoingia kwa njia ya Steam, duka la michezo la mtandaoni, pamoja na Discord, programu tunayoitumia kuzungumza, huhesabiwa kuwa programu za kawaida za mezani, hazina kiswichi chake kila moja, na zote hutegemea swichi moja iliyo chini kabisa ya ukurasa. Yangu ilikuwa imezimwa. Niliiwasha, na kwa mara ya kwanza mdogo wangu akanisikia.

Alichokisikia, hata hivyo, hakikuwa sauti tupu. Alisema kwamba nyuma ya maneno yangu kulikuwa na mngurumo usiokoma, kama wa jokofu kuukuu. Nilidhani kwanza ni kiwango cha kukuza sauti. Katika "Niveaux" kuna sehemu ya kuongeza nguvu ya maikrofoni hadi desibeli 30, na inafaa kuelewa kwamba desibeli 20 zinakuza sauti mara 10, na desibeli 30 zaidi ya mara 31, ambapo kila kitu kinakuzwa pamoja, maneno na uchafu wake. Niliishusha hadi desibeli 10 na kuisogeza maikrofoni karibu na pembe ya mdomo, upana wa vidole viwili hivi, bila kuiweka mbele ya pumzi. Mngurumo ulipungua lakini haukuondoka.

Jibu nililipata kwa mkono. Nilipoligusa kasha la chuma la kompyuta kwa nyuma ya vidole, nilihisi mtetemo mwepesi kwenye ngozi, na wakati huo huo mngurumo ulibadilika katika masikio ya wenzangu. Kompyuta ilikuwa imechomekwa kwenye waya wa kurefushia umeme wenye njia mbili tu, usio na njia ya ardhi. Ndani ya kifaa cha kugawia umeme cha kompyuta mna vichujio vinavyotegemea njia ya ardhi, na isipokuwepo, kasha lote hubaki na umeme mdogo unaocheza kwa kasi ile ile ya umeme wa nyumbani, yaani hezi 50, ambao huingia kwenye waya mwembamba wa maikrofoni. Sisi tunaishi katika mji uliojengwa kwa shaba, lakini nyumba yangu haikuwa na hata fimbo moja ya shaba iliyozikwa ardhini. Fundi wa umeme aliizika uani, akavuta waya wa ardhi hadi kwenye soketi ya ofisi, na nikanunua waya wa kurefushia wenye njia tatu. Mngurumo uliisha siku hiyo hiyo. Kazi hiyo sikuifanya mwenyewe, wala simshauri msomaji aifanye kama si fundi. Mwenye kompyuta ya kubebeka anaweza kuipima hali hii kwa urahisi zaidi: achomoe chaja akiwa anazungumza, na kama mngurumo unakatika hapo hapo, asihangaike tena na mipangilio.

Kuhusu hedifoni zisizo na waya nitasema machache, kwa kuwa binamu yetu alizijaribu. Kwa Bluetooth ya kawaida, maikrofoni inapofunguliwa hedifoni huacha hali ya muziki na kuingia katika hali ya simu, na sauti yote, ya kwenda na ya kuja, inakuwa nyembamba. Si ubovu, ndivyo zilivyoundwa. Katika mchezo ambamo nyayo za adui zinasikika kabla hajaonekana, mimi ningechagua waya.

Upande wa programu kulikuwa na mambo mawili. La kwanza ni kwamba tulikuwa tumefungua mazungumzo ya mchezo na ya Discord kwa pamoja, kila neno likafika mara mbili. Tukakubaliana kutumia Discord peke yake. La pili ni kitufe cha kubonyeza unapotaka kusema. Kibodi yangu imepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ikiwa na herufi zilizochapwa kwa mpangilio wa Kiingereza, wakati Windows imewekwa kwa mpangilio wa Kifaransa, kwa hiyo kitufe kilichoandikwa A hutoa Q. Mimi nimezoea kuchapa bila kuangalia vitufe na halinisumbui, lakini kila mgeni aliyekalia kompyuta hiyo alichagua herufi moja na kubonyeza nyingine. Nilihamishia kazi hiyo kwenye kitufe cha pembeni cha kipanya, na mjadala ukaisha. Jambo la kuzingatia ni kwamba mchezo ukifunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi na Discord ikafunguliwa kwa njia ya kawaida, Windows huizuia Discord isikione kitufe unachobonyeza ndani ya mchezo. Zote mbili zifunguliwe kwa ngazi moja.

Ulibaki mtandao, na hapa kuna dhana moja ambayo ningependa iachwe, kwamba sauti inakatika kwa sababu inakula mega nyingi. Chaneli ya sauti ya Discord kwa kawaida hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, ambazo kwa saa nzima ya kusema bila kupumua ni kama megabaiti 29, bila kuhesabu ziada ya vifurushi vyenyewe, yaani vipande vidogo vya data ambamo sauti husafiri. Kinachoharibu mazungumzo ni vifurushi vinavyopotea njiani, kwa sababu sauti husafirishwa kwa UDP, utaratibu wa kutuma data ambao haukitumi tena kifurushi kilichopotea. Neno likiwa limekwisha kupita, kulileta tena hakuna faida. Ukibonyeza maandishi ya hali ya muunganisho katika Discord, utaona muda wa kwenda na kurudi pamoja na asilimia ya vifurushi vilivyopotea. Discord yenyewe inaeleza kwamba kuanzia milisekunde 250 mtu ataona sauti inachelewa, na kwamba upotevu ukizidi asilimia 10 anaweza kusikika kama roboti.

Saa za jioni, wakati kila mtu yuko mtandaoni, asilimia yangu ilipanda hasa pale simu iliyokuwa ikigawa intaneti ilipowekwa nyuma ya kompyuta, mbali na dirisha. Niliihamishia dirishani na kuiunganisha kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi, nikasimamisha masasisho ya Windows na ya Steam wakati wa mchezo, na nikazima VPN, programu inayopitisha intaneti kupitia seva nyingine, ambayo haikupitisha UDP ipasavyo na iliyoiacha Discord ikizunguka bila kuunganishwa.

Tatizo moja bado lipo, na silitegemei kuisha. Umeme ukikatika mtaani, jirani huwasha jenereta chini ya dirisha langu, na mimi huendelea kucheza kwa betri ya akiba. Krisp, kichuja kelele kilichomo ndani ya Discord, huliondoa vuma hilo vizuri, lakini huchukua sehemu ya nguvu ya prosesa, na kwenye kompyuta yenye umri kama yangu mchezo huanza kukwama penye moshi na milipuko. Kwa hiyo nakiwasha jenereta inaponguruma tu, nakizima ikinyamaza, na kitufe cha pembeni cha kipanya nakibonyeza pale ninapokuwa na la kusema.