Proxmox: andaa mlango wa nyuma kabla ya kugusa daraja

Seva ya Proxmox VE, mfumo wa kuendesha mashine pepe, ikipotea mtandaoni siku ya kwanza, aghalabu haijaharibika. Mtu amebadilisha anwani ya IP kupitia mtandao uleule anaoubadilisha, mawasiliano yamekatika, na seva imefungiwa chumbani upande wa pili wa mji. Ndiyo maana kazi huanza na kidhibiti kilicho kwenye ubao mama: iDRAC kwa Dell, iLO kwa HPE, IPMI kwa Supermicro. Hicho hujibu hata seva ikiwa imezimwa, mradi umeme unafika.

Kipe anwani isiyobadilika. Kama Proxmox imeshawekwa, huna haja ya kuingia BIOS. Sakinisha ipmitool, programu ya kuamuru kidhibiti, kwa apt, kisha:

ipmitool lan set 1 ipsrc static
ipmitool lan set 1 ipaddr 192.168.10.9
ipmitool lan set 1 netmask 255.255.255.0
ipmitool lan set 1 defgw ipaddr 192.168.10.1

Hakiki kwa `ipmitool lan print 1`. Dell za zamani hutoka na jina root na nywila calvin, siri inayojulikana dunia nzima, kwa hiyo ibadilishe papo hapo. Kwenye Supermicro nyingi, kama kebo ya IPMI haijachomekwa umeme unapowashwa, kidhibiti huhamia LAN1, poti ya kawaida ya mtandao, nawe unabaki kukitafuta kusiko. Kebo kwanza, umeme baadaye.

Sasa daraja (bridge). Anwani ya seva haikai kwenye kadi ya mtandao, hukaa kwenye vmbr0, ambayo ni kama swichi iliyomo ndani ya seva. Ndani ya /etc/network/interfaces:

iface eno1 inet manual

auto vmbr0
iface vmbr0 inet static
    address 192.168.10.10/24
    gateway 192.168.10.1
    bridge-ports eno1
    bridge-stp off
    bridge-fd 0

Mstari wa gateway uwe mmoja tu, hata ukiwa na madaraja matatu. Wi-Fi usiihangaikie: kwa kawaida haikubali kuunganishwa kwenye daraja namna hii.

Wengi hukwama hapa: anwani imeandikwa mahali pawili. Ukiibadilisha kwenye interfaces ukasahau /etc/hosts, faili inayooanisha majina na anwani, skrini ya seva itaendelea kutangaza anwani ya zamani. Na jina la seva likielekea 127.0.1.1, anwani ya seva kujiita yenyewe, pve-cluster, huduma inayobeba mipangilio ya Proxmox, haiwaki kabisa, /etc/pve inabaki tupu, na ukurasa wa usimamizi haufunguki ingawa SSH (kuingia kwa amri ukiwa mbali) inafanya kazi vizuri. Ukiona dalili hiyo, usisakinishe upya, fungua /etc/hosts. Kama unapanga klasta (kundi la seva zinazosimamiwa pamoja), maliza suala la anwani kabla ya kuunganisha seva, kwa sababu corosync, huduma inayounganisha seva za klasta, nayo huandika anwani hizo kwake.

Kabla ya kutekeleza mabadiliko ukiwa mbali, jiwekee kamba ya kujivuta, amri itakayorudisha faili ya zamani baada ya dakika 3:

cp /etc/network/interfaces /root/interfaces.zamani
nohup sh -c 'sleep 180 && cp /root/interfaces.zamani /etc/network/interfaces && ifreload -a' &

Hariri faili ukiwa na dakika hizo 3, kisha tekeleza kwa `ifreload -a`. Dirisha la SSH litaganda kama anwani imebadilika, ni kawaida. Ingia upya kwa anwani mpya, halafu sitisha urejeshaji kwa `pkill -f 'sleep 180'`. Usipoweza kuingia, ngoja, seva itajirudia yenyewe.

Kuongeza kadi ya PCIe kunaweza kubadilisha jina la kadi ya mtandao, mfano enp3s0 kuwa enp4s0, na daraja likabaki bila kebo. Linganisha `ip link` na mstari wa bridge-ports, ukiwa umeingia kupitia kidhibiti.

Ukurasa wa usimamizi ni https://192.168.10.10:8006, jina root, chaguo la Linux PAM. Kivinjari kitalalamika juu ya cheti kwa kuwa seva imejitengenezea yenyewe. Poti 8006 usiifungue kwa intaneti nzima, wala kidhibiti, ambacho programu yake husasishwa kwa nadra zaidi. Tumia WireGuard (VPN), au kwa haraka handaki la SSH:

ssh -L 8006:localhost:8006 root@seva

kisha fungua https://localhost:8006.