Kutoka Majohe Mpaka Daraja la Tanzanite: Siku Niliyomtembeza Dogo Kwenye Sera ya Nje ya Mwalimu

Mpwa wangu kaja kutoka Mbeya, anataka kusomea diplomasia pale Kurasini. Kamaliza form six, kichwani kajaza vishazi vya kukariri, ukimuuliza sera ya nje ya Tanzania ni nini anakujibu haraka haraka "kutofungamana na upande wowote, ujirani mwema, ukombozi wa Afrika" halafu anakaa kimya kama kamaliza mtihani. Nikamwambia dogo, kesho vaa raba, kabla hatujafika chuoni kwako tunazunguka kwanza, maana hayo unayokariri yamejengwa kwa zege humu humu mjini na mengine yamezikwa.

Tukaanza na kuzikwa. Mi nakaa huku Gongo la Mboto, kwa hiyo asubuhi tukachukua boda mpaka Majohe kwenye makaburi ya Wachina. Wengi wanaopita ile njia hawajui hata kama yapo. Ni wataalamu waliokuja kujenga reli ya TAZARA na miradi mingine, wakafia huku, yapo karibu makaburi sabini, yamepangwa mistari kama gwaride, mawe yana maandishi ya Kichina. Xi Jinping alipokuja Machi 2013, ziara yake ya kwanza Afrika akiwa rais, alipita hapa kuweka maua. Dogo alikuwa anasoma tarehe moja moja, akasema "anko hawa si walikuwa vijana tu?" Nikamwambia ndo hivyo, reli ya kilomita 1,860 kutoka hapa mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, madaraja zaidi ya 300, mahandaki zaidi ya 20, ile milima ya Mlimba kwenda Makambako mnayopita mkiwa mmelala, hiyo haikuchimbwa kwa maneno.

Kulikuwa na mzee mmoja kakaa nje ya genge la jirani, tukamwamkia, dogo akamuuliza kama anawakumbuka. Mzee akacheka. Alisema anachokumbuka yeye ni maduka, kila ukiingia dukani ni vitu vya Kichina, bakuli za Kichina, sijui baiskeli, tochi. Dogo akadhani mzee kachanganya mada, kumbe wala. Mkopo wa reli haukuwa na riba, na gharama za huku ndani, mishahara ya vibarua na kadhalika, zililipwa kwa bidhaa za China kuuzwa madukani kwetu na ile hela ya mauzo ndo inaenda kwenye mradi. Mzee kaeleza uchumi wa TAZARA kwa bakuli la uji, profesa angetumia kurasa ishirini.

Tukarudi barabarani tukapanda daladala, tukasimama wote wawili maana siti hakuna, foleni ya pale Airport unaijua. Tukashuka TAZARA. Mi hapa huwa nasimama kila nikipita. Angalia: unatoka kwenye Barabara ya Nyerere, inakatana na Barabara ya Mandela, juu yako kuna flaiova ya Mfugale iliyofunguliwa 2018 kwa msaada wa Wajapani, na pembeni stesheni ya Wachina, lile jengo kubwa la zege lenye ukumbi mrefu ambao ukiongea kwa sauti maneno yanakurudia. Yaani njia panda moja.

Dogo kakulia Mbeya, Iyunga, stesheni iko jirani kwao, kwa hiyo reli anaijua kuliko mimi. Asichojua ni kwa nini ipo. Nikamwambia Zambia haina bahari, shaba yake ilikuwa inapita kusini, Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na Novemba 1965 Ian Smith na wazungu wenzake wakajitangazia uhuru wao wenyewe ili weusi wasitawale. Kaunda, rais wa Zambia, akabanwa. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zikasema reli hiyo haina faida, basi Mwalimu na Kaunda wakaenda kwa Mao, kiongozi wa China. Mkataba 1967, ujenzi ukaanza 1970, ukaisha 1975. Sasa hapa ndo penye utamu, maana watu wanadhani Mwalimu alihamia kwa Wachina mazima. Wapi! Wakati huo huo ile barabara ya kutoka Dar mpaka Tunduma sehemu kubwa iligharamiwa na Wamarekani, na bomba la mafuta la TAZAMA lilijengwa na Waitaliano likaisha 1968. Dogo akabaki anashangaa, "kwa hiyo pale kwetu reli ni ya Mchina, lami ya Mmarekani, bomba la Mtaliano?" Ndiyo, na vyote vinaenda Zambia, vyote kwa sababu ya ugomvi ule ule. Hiyo ndo kutofungamana unayokariri, siyo kukaa katikati umefumba mdomo.

Na ugomvi tuliulipia. Hili nilimwambia tukiwa kwenye gari la Mandela, tunapita Vetenari, upande ule unauona Uwanja wa Mkapa (nao Wachina, 2007, watu 60,000, lakini hii ni zama nyingine kabisa). Nikamwambia 1965 peke yake iangalie. Januari, tukawafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, mmoja ni Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar, huyu baadaye akaja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Rais Reagan. Februari, Ujerumani Magharibi. Zanzibar baada ya mapinduzi ilishawatambua Wajerumani Mashariki, Muungano ukazaliwa na huo mzigo, Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, wakataka ubalozi ule ufutwe kabisa, Mwalimu akasema wataruhusiwa konseli kuu tu hapa Dar, ofisi ya chini ya ubalozi. Bonn wakaondoa msaada wa kijeshi waliokuwa wanatupa. Mtu mwingine angeomba radhi. Mwalimu akawaambia kama mnatumia msaada kuniendesha, chukueni na uliobaki. Wakanada ndo wakaja kuendeleza mafunzo ya jeshi. Halafu Desemba 15, Uingereza, kisa kushindwa kumshughulikia Smith, tukavunja uhusiano na mkopo wa paundi milioni 7.5 ukagandishwa. Mpaka 1968 ndo tukarudiana.

Dogo siyo mjinga. Akaniuliza, huku kondakta anamsukuma asogee nyuma, "sasa anko, hizo milioni saba na nusu zingejenga shule ngapi? Na Smith aliendelea kutawala mpaka lini?" Mpaka 1979, 1980 ndo Zimbabwe ikapatikana. "Kwa hiyo tulikosa hela na Smith hakutoka." Mama mmoja aliyekaa dirishani na ndoo ya dagaa akadakia, "mwanangu huyo kasema kweli, sisi tulikuwa tunapanga foleni ya sukari hao wakombozi wanakaa Oysterbay." Gari zima likacheka. Mi sikumbishia sana yule mama, kwanza kanizidi umri, pili sehemu ya anayosema ni kweli, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilitukausha kuliko vyote. Nilichosema ni kwamba ukishawaonyesha kuwa unanunulika, wanaanza kubishana bei tu. Mama akasema "haya baba" ile ya kukupuuza.

Kurasini tukashuka, tukaingia chuoni, dogo akauliza mambo yake ya kozi, akapewa vipeperushi, hapo sina mengi. Ila jina la getini ndo lilinipa stori ya njia nzima iliyobaki. Chuo hiki kilianzishwa 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, miaka mitatu tu tangu Msumbiji ipate uhuru, siku hizi kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Nikamuuliza dogo unamjua? "Alikuwa Waziri Mkuu." Basi.

Aisee. Huyu mtu alikuwa balozi Misri 1964 akiwa na miaka 22. Umri wa mtu anayesubiri boom chuoni. 1970 kaenda kutuwakilisha Umoja wa Mataifa, na Oktoba 25, 1971 ikapigwa kura ya kuirudishia China ya Beijing kiti chake, 76 wakakubali, 35 wakakataa, 17 hawakupiga upande wowote. Inasimuliwa mpaka leo kwamba Salim alirukaruka kwa furaha mle ukumbini. Balozi wa Marekani pale UN siku hizo alikuwa George H. W. Bush. Sogeza mbele miaka kumi, 1981, Salim anagombea Ukatibu Mkuu wa UN dhidi ya Waldheim aliyekuwa anakishika kiti hicho. China ikampiga Waldheim veto (kura ya kuzuia) mara 16, Marekani ikampiga Salim veto kila awamu, na nani Makamu wa Rais Marekani muda huo? Bush. Mwisho wote wawili wakajiweka pembeni, akapita Pérez de Cuéllar wa Peru. Dogo akasimama katikati ya barabara, boda ikampigia honi, "yaani Katibu Mkuu wa UN angekuwa Mpemba?" Angekuwa Mpemba, ndiyo. Alikuja kuwa Katibu Mkuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kuanzia 1989 mpaka 2001, siyo haba.

Njaa ikatukamata tukaenda Feri, tukala samaki wa kukaanga na ugali pale sokoni, mikono inanuka mpaka jioni. Kutoka hapo tukatembea kwa miguu, na hapa ukitaka kumfundisha mtu sera ya nje huhitaji ubao, vibao vya mitaa vinatosha. Samora. Luthuli. Kwa nyuma huko Nkrumah, Lumumba, Azikiwe. FRELIMO yenyewe, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar hii hii, Juni 25, 1962, na kiongozi wake Mondlane akauawa kwa bomu la kifurushi huku Oysterbay Februari 3, 1969. Mandela alipita 1962 hana pasipoti, serikali ya Tanganyika ikampa karatasi ya kusafiria. Kamati ya Ukombozi ya OAU makao yake yalikuwa hapa tangu 1963, na Brigedia Hashim Mbita akaiongoza kuanzia 1972 mpaka kazi ilipoisha 1994. Che Guevara alipofeli Kongo alikuja kujificha ubalozi wa Cuba hapa Dar, mwishoni mwa 1965 kuingia 1966. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, sijui walikuwa wanapishanaje.

Ila nisije nikakupamba Mwalimu tu. Aprili 1968 tuliitambua Biafra, eneo lililojitenga Nigeria, kama nchi, wa kwanza duniani, na mpaka kesho sielewi vizuri. Mtu aliyeapa kulinda umoja wa Afrika, na Muungano wake mwenyewe una miaka minne, anatambua waliojitenga Nigeria. Sababu yake ilikuwa mauaji ya Waigbo, na hoja ya utu naiheshimu, lakini Januari 1970 Biafra ikafa na sisi tukabaki tunaangaliana na Lagos. Dogo akasema hiyo ndo atakayoandikia insha, sababu haipo kwenye noti. Nikafurahi moyoni.

Tukafika ufukweni, Barabara ya Barack Obama. Zamani Ocean Road, jina lilibadilishwa 2013 alipokuja, enzi za Kikwete, mwaka ule ule aliokuja Xi, miezi mitatu tu katikati. Dogo akapiga selfi na kibao. Akasema hapa anko hamna ugomvi, Kikwete kapokea wote. Ni kweli, tangu ile sera mpya ya 2001 ya Mkapa neno kubwa ni diplomasia ya uchumi, rafiki ni mwekezaji. Hata Daraja la Tanzanite tulilokuwa tunalikaribia ni mkopo wa Korea Kusini, 2022 hilo. Mi siyo kwamba napinga. Upepo pale darajani ni mzuri, vijana wanakimbia, harusi zinapiga picha.

Tukasimama katikati ya daraja dogo akaniuliza kuhusu ile hati ya Septemba 2024, waliyosaini Beijing mbele ya Samia, Hichilema wa Zambia na Xi, ya kuifufua TAZARA. Nikamwambia wazi, Wachina wa 1970 walitoa mkopo bila riba maana walikuwa wanatafuta marafiki, dunia nzima ilikuwa imewafungia mlango, na sisi tulikuwa na kura na ubishi wa kuwapa. Hawa wa sasa ni wafanyabiashara, wana haki ya kutaka faida, kwa hiyo tusome mkataba wa biashara kama mkataba wa biashara, tusije tukaimbiana nyimbo za urafiki wa Mao na Mwalimu huku mwenzetu kashika kikokotoo.

"Na hilo wakiniuliza Kurasini nijibu hivyo hivyo?"

Jibu, nikamwambia, ila usinitaje jina. Tukashuka upande wa Oysterbay kutafuta bajaji.