Tulivyolinda maji ya kunywa wakati wa kipindupindu, Mwananyamala

Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam Agosti 2015, kilianzia Kinondoni, na sisi tulikuwa tumepanga Mwananyamala, humohumo. Ndani nilikuwa na mtoto anayetambaa na mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga kwa matibabu ya presha. Gari la matangazo lilipita na ujumbe uleule: chemsheni maji, naweni mikono kwa sabuni, kuleni chakula cha moto. Kuchemsha nilikuwa nachemsha siku zote. Kilichoninyima usingizi ni safari ya yale maji kutoka jikoni hadi kinywani mwa mtoto.

Bwana afya alipopita mtaani na kiboksi chake cha kupimia klorini, dawa inayotiwa majini kuua vimelea, nilimkaribisha uani. Alichota maji ya bomba, akatia kidonge kidogo, akatikisa. Yakageuka pinki hafifu. Akafanya vilevile kwa maji ya dumu lililoletwa na mkokoteni: yakabaki meupe.

"Mama, haya mmeyatoa wapi?"

"Kwa kijana wa mkokoteni, baba. Anasema ni ya bomba."

"Inawezekana yalikuwa ya bomba. Ila dawa imeshaisha humu. Mkono mchafu ukiingia sasa hivi, hakuna kitu cha kuua vimelea."

Akaniambia kwamba wao huangalia kama klorini iliyobaki majini ni kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Nikamuuliza na maji yaliyochemshwa je? Akasema moto unaua vimelea vilivyomo wakati ule, lakini yakishapoa hayana ulinzi wowote. Kata moja iliyoshikwa na mtu aliyetoka chooni bila kunawa inatosha kuyaharibu.

Kwa hiyo nguvu zangu zote nikazielekeza kwenye maji yaliyokwisha kuchemka. Maji yenye vumbi niliyaacha yatulie, nikayachuja kwa kitambaa safi, nikayaweka motoni mpaka yatokote kwa mapovu makubwa, na hapo nikayaacha dakika nzima. Yalipoa ndani ya sufuria ileile, mfuniko juu. Kisha niliyamimina moja kwa moja kwenye ndoo yenye koki iliyooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yenye dawa. Kata niliiondoa kabisa chumbani. Mtu akitaka maji anafungua koki, na kikombe hakigusi mdomo wa koki.

Mama mkwe hakupenda. Alizoea mtungi wake, maji ya baridi yanayonukia udongo. "Mwanangu, haya yana harufu ya moshi," alisema. Nikamjibu, "Nisamehe mama, mtungi unachotwa kwa kata, na kwa sasa kata siiamini." Nikawa namjazia chupa zake mwenyewe zenye vifuniko na kuziweka kwenye friji ya jirani. Za kwake, hakuna mwingine anayezigusa. Hapo akaridhika.

Mkaa ni ghali, na kuchemsha kila tone isingewezekana. Ya kunywa tulichemsha, lakini ya kuoshea vyombo, kupigia mswaki na kuoshea nyanya za kachumbari tulitia vidonge vya klorini vya WaterGuard: kimoja kwa dumu la lita 20, kisha kusubiri dakika 30. Yakiwa na ukungu unachuja kwanza na kutia viwili, kwa sababu uchafu unakula dawa kabla haijafika kwa vimelea. Wanaolalamikia harufu nawaelewa, lakini kipindi kile harufu ile ilinipa amani.

Jirani yangu alikuwa na filta ya vichujio vya udongo mweupe, na kama nyumba nyingi, maji yalichemshwa kwanza ndipo yakamiminwa kwenye filta. Kipindi cha ugonjwa mpangilio huo unageuzwa. Vichujio vinakusanya utando wa uchafu, na maji safi yanayopita hapo yanaweza kutoka na vimelea vingine. Tulichuja kwanza, tukachemsha mwisho. Mashine za kuchuja maji zenye mkaa maalumu ndani yake nazo zinaondoa klorini, kwa hiyo kidonge kinatiwa baada ya maji kutoka kwenye mashine. Ukikitia kabla, unakipoteza bure.

Maji ya kisima cha jirani, yenye chumvi, sikumpa mtoto hata yakichemka. Kisima kilikuwa karibu na shimo la choo, na kwenye visima vya namna hiyo hupatikana naitreti, kemikali itokanayo na uchafu wa choo na yenye madhara kwa watoto wachanga, ambayo haiondoki kwa moto wala kwa klorini. Ukichemsha muda mrefu maji yanapungua na chumvi zake zinazidi kukolea. Uji wa mtoto ulipikwa kwa maji ya bomba tu.

Na barafu! Watoto wa uani walikuwa wananunua barafu za ubuyu kila mchana, na kugandisha hakuui vimelea vya kipindupindu. Nikaanza kuwatengenezea mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa, na wazazi wenzangu wakanichangia sukari.

Tarehe 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilifutwa na Rais Magufuli, nchi nzima ikatoka kufanya usafi kwa sababu ya ugonjwa huu. Sisi tulizibua mtaro wa mbele ya nyumba. Chini ya tope tukakuta bomba letu linapita humo humo, kiungo kimoja kimelegea na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Siku za mgao presha inaposhuka, bomba la namna hiyo linafyonza maji machafu ya mtaro. Mwenye nyumba alimleta fundi akalihamishia juu, kando ya ukuta, na maji ya kwanza baada ya mgao tukawa tunayakinga kwenye ndoo ya chooni, tunaacha bomba litiririke kidogo, ndipo tunajaza madumu ya kunywa.