Dodoso langoni Karura

Ninapokusanya takwimu za kukadiria thamani ya Msitu wa Karura jijini Nairobi, kwenye lango la upande wa Barabara ya Limuru, swali linalowashangaza wageni wengi ni la nauli. Mama mmoja, aliyekuwa ameinama akimfunga mwanawe kamba za viatu, aliniuliza kama natoka ofisi ya kodi. Nilimweleza kwamba mbinu hii ya kupima thamani ya mahali kwa gharama za kufika ina asili katika barua ya mwaka 1947, ambamo mwanauchumi Harold Hotelling aliishauri idara ya hifadhi za taifa ya Marekani ikadirie thamani ya hifadhi kwa gharama ambazo watu wa karibu na wa mbali hutumia kuzifikia, kwa kuwa kiingilio peke yake hakitoshi kuionyesha.

Kasoro yake naijua: anayekuja kwa miguu huonekana kana kwamba anauthamini msitu kidogo kuliko mwenye gari. Wala hakuna nauli inayopima kipigo walichopata mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake mwaka 1999, walipokwenda Karura kupanda mti kupinga unyakuzi wa ardhi.

Yule mama, aliyetembea kutoka nyumbani kwake, aliandika sifuri kwenye nafasi ya nauli.