Nozeli za trekta la Massey Ferguson 135: anzia kwenye washa ya kopa

Massey Ferguson 135 ilianza kutengenezwa 1964, na zile zenye injini ya Perkins AD3.152 ya silinda tatu bado zinalima. Ikianza kutoa moshi mweusi, kumisi (silinda moja kutowaka) na kugonga, watu hukimbilia kusema "nunua nozeli", yaani kile kifaa kinachopulizia dizeli ndani ya silinda. Usinunue kitu bado. Nozeli nyingine hutupwa zikiwa nzima. Kilichokosewa ni ufungaji au mafuta.

Tafuta kwanza silinda yenye kasoro. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma taratibu bila kukanyagiwa mafuta), legeza kidogo nati ya bomba la presha kwenye nozeli moja, kisha uikaze na uende inayofuata. Ukilegeza na mlio wa injini ukashuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, umeipata. Zima, hamishia nozeli hiyo silinda nyingine. Kasoro ikihama nayo, mbovu ni nozeli. Ikibaki palepale, kagua valvu, kompresheni na pampu. Vaa miwani, na kamwe usipapase uvujaji kwa kidole: dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, na hata tundu dogo kama la sindano ni la kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Kabla ya kufungua, osha na piga brashi eneo lote la nozeli. Mchanga ukiingia kwenye bomba, umeshaharibu nozeli mpya kabla ya kuifunga. Fungua bomba la presha, kibomba cha mafuta ya kurudi, kisha nati mbili zinazoshika nozeli. Ikigoma kutoka, mwagia dizeli pembeni yake, iache ilale usiku mmoja, halafu izungushe kidogo kidogo kulia na kushoto. Kuichokonoa kwa patasi kunapinda mwili wake na kuchubua silinda hedi.

Sasa washa ya kopa, yaani ile pete bapa inayoziba chini ya nozeli. Kila nozeli inakaa juu ya washa moja tu, na ya zamani hupenda kubaki chini ya tundu, nyeusi kama masizi, usiione. Mulika kwa tochi, ichomoe kwa waya wenye ndoano. Ukiweka mpya juu ya ile ya zamani, ncha ya nozeli inapanda juu, dizeli inapulizwa mahali pasipo pake kwenye kibakuli cha pistoni: asubuhi injini ni ngumu kuwaka, moshi haukwishi, na nozeli inasingiziwa. Ukisahau washa kabisa, gesi ya moto inapita pembeni, ncha inapata joto hadi kuwa ya bluu, na sindano iliyo ndani ya nozeli inakwama. Nozeli ya bluu haifufuki.

Ukiifungua nozeli vipande mwenyewe, legeza kwanza skrubu ya springi iliyo juu, chini ya kofia, ndipo ufungue nati ya nozeli. Ukianzia chini huku springi imebana, utaharibu pini za kuelekeza. Sindano na mwili wake vimesagwa pamoja, nafasi kati yao ni mikroni chache (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Usichanganye sindano za nozeli tofauti hata mara moja. Loweka kwenye dizeli safi, ondoa masizi kwa brashi ya waya wa shaba, si ya chuma. Vitundu vya ncha ni vidogo kuliko nusu milimita na husafishwa kwa waya wa kipimo chake. Kisha jaribu: ilowanishe sindano kwa dizeli, ivute theluthi moja nje, inamisha mwili, achia. Ishuke yenyewe taratibu. Ikishikilia, haifai.

Presha haikisiwi kwa macho. Peleka kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Kiwango cha kufunguka kinategemea herufi zilizogongwa kwenye mwili wa nozeli, kwa hiyo zisome na kuzilinganisha na kitabu kabla ya kugusa skrubu. Shikilia presha kidogo chini ya kiwango hicho kwa sekunde 10: ncha isidondoshe tone. Ikipuliza, kila tundu litoe ukungu sawa, bila uzi wa dizeli.

Kurudisha, tumia washa mpya, kaza nati mbili kwa zamu kwa spana ya torki, hadi Nm 16 tu. Ukikaza zaidi, mwili unajipinda na sindano inakwama. Hapo mafundi wengi wenye nguvu huharibu kazi yao.

Toa upepo: pampu kwa mkono kwenye pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini, fungua skrubu ya filta, kisha skrubu mbili za pampu ya CAV (ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli), mpaka dizeli itoke bila povu. Legeza nati za mabomba ya presha kwenye nozeli mbili, weka wenzo wa mafuta wazi kabisa, piga stata hadi dizeli idondoke, kaza.

Na chanzo? Maji, uchafu wa madumu, na uchakachuaji. Sindano za nozeli na pampu hii hulainishwa na dizeli yenyewe. Ikichanganywa mafuta ya taa, chuma kinasuguana na chuma. Acha dumu litulie usiku kucha, chota ya juu, mimina kwa kitambaa safi, na ufungue skrubu ya chini ya filta kila wiki ya kulima ili maji yatoke.