Mizani ya Toad Lane

Katika ofisi ya AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, wilayani Kwimba kuna picha ukutani ambayo jua limeipausha karibu yote. Wanaume kumi na watatu wenye makoti mazito, wengine wameketi, wengine wamesimama nyuma yao, hakuna hata mmoja anayecheka. Karani aliyenitangulia aliitoa kwenye kitabu cha mafunzo ya Chuo cha Ushirika Moshi akaibandika juu ya meza. Nimepima pamba chini ya macho ya wazee hao kwa misimu kumi na mmoja. Chini ya picha yameandikwa maneno mawili: Waasisi, Rochdale. Ni waanzilishi wa duka la ushirika la mji wa Rochdale, Uingereza, ambao kanuni zao tunazifuata.

Kwa hiyo dada yangu, ambaye ni muuguzi Manchester, aliponitumia tiketi nikawatembelee, na jioni ya kwanza akaniuliza mdogo wangu unataka kuona nini, sikusita. Alidhani nitataja uwanja wa mpira. Nilipotaja Rochdale alinyamaza kidogo. Miaka tisa ameishi pale, na Rochdale kwake ilikuwa jina lililoandikwa mbele ya tramu ya njano.

Tulikwenda Jumamosi, mvua ya Oktoba ikinyesha ile ya kwao, nyembamba, isiyokatika. Tulipanda treni stesheni ya Victoria, na haikuzidi nusu saa tukawa tumefika. Wapwa zangu wawili, msichana wa miaka kumi na mmoja na mdogo wake wa minane, walikubali kuja kwa sharti kwamba na wao wachague mahali pa kwenda. Mahali pao palikuwa karibu kabisa na stesheni: makumbusho ya zimamoto, ndani ya kituo cha zamani cha zimamoto cha mji huo. Kuna magari ya kuvutwa na farasi, pampu za mvuke, kofia za shaba zinazong'aa kama sufuria mpya. Yule mdogo alishika usukani wa gari jekundu akakataa kushuka. Ukiwa na watoto, anzia hapo, nao watakuvumilia mchana kutwa.

Kutoka hapo tuliteremka hadi katikati ya mji. Mto Roch, unaopita katikati ya mji, ulikuwa umefunikwa kwa zege tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, magari yakipita juu. Mwaka 2016 waliufunua tena, na daraja la mawe la zama za kati lililokuwa limezikwa chini likaonekana. Tulisimama ukingoni tukatazama maji. Mbele yake ndipo lilipo Jumba la Mji, jengo ambalo mtu angedhani ni kanisa kuu au ngome ya mfalme. Lilichorwa na William Henry Crossland na kufunguliwa mwaka 1871. Mnara wake wa kwanza uliungua mwaka 1883. Huu uliopo sasa ulichorwa na Alfred Waterhouse, nao una urefu wa mita 58 hivi. Limefanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2024, na rangi za ndani zimerudi kuwa kali. Katika ukumbi mkubwa malaika wa mbao wanashikilia dari, wafalme na malkia wa Uingereza wamepangwa kwenye vioo vya madirisha, na ukuta mmoja mzima una mchoro wa Mfalme John akitia muhuri hati ya Magna Carta. Mpwa wangu wa kike aliwahesabu malaika hadi shingo ikamuuma.

Mimi nilikuwa nikiwaza fedha. Jumba hilo lilijengwa na mji wa wafumaji. Sufu kwanza, flaneli ya Rochdale, kitambaa laini cha sufu, ikijulikana kotekote, kisha pamba. Na miaka ishirini na saba tu kabla ya jumba kufunguliwa, wafumaji wa mji huohuo walikuwa wakishindwa kununua unga usiochanganywa na chokaa.

Toad Lane ni mwendo wa dakika chache. Ni kichochoro cha mawe, kimebaki kipande tu, kina kanisa, baa, na namba 31. Neno lenyewe lingekufanya ufikiri ni njia ya vyura. Dada aliuliza, akaambiwa kwamba kwa lafudhi ya Lancashire, jimbo la kale la eneo hilo, mtu hasemi "the old lane", husema "t'owd lane", njia ya zamani, na sikio la mgeni likasikia chura. Nilifurahi kupita kiasi. Kwetu pia majina ya vijiji yameandikwa na watu waliosikia vibaya.

Jengo ni ghala la matofali. Chumba cha mbele cha chini ndicho duka, nacho kimepangwa kama kilivyokuwa usiku wa tarehe 21 Desemba 1844, usiku mrefu kuliko wote wa mwaka. Mbao zimelazwa juu ya mapipa, hiyo ndiyo kaunta. Na juu ya kaunta, mizani.

Nilisimama hapo muda mrefu hata dada akaja kunigusa bega.

Lazima niwaeleze kuhusu babu. Babu alilima pamba Usukumani tangu enzi za Mwingereza. Alikuwa akiibeba kwa punda hadi kwa mnunuzi binafsi, na mnunuzi ndiye mwenye mizani, ndiye anayesoma namba, ndiye anayeandika. Babu hakujua kusoma, lakini uzito wa furushi aliujua mgongoni. "Mizani inakula," alikuwa akisema, na alilisema neno hilo bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja ukame. Hasira hiyo ya mizani ndiyo iliyowakusanya wakulima wa Kanda ya Ziwa miaka ya 1950, wakadai wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama vya msingi kijiji kwa kijiji, hadi mwaka 1955 kikasajiliwa Chama Kikuu cha Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Babu alikuwa mwanachama. Kadi yake ninayo.

Sasa sikilizeni habari ya hawa wa Rochdale. Mwaka 1844 wafumaji wa flaneli waligoma kudai nyongeza ya mshahara wakashindwa. Dukani waliuziwa unga wenye chokaa, shayiri yenye mchanga, chai iliyochanganywa na majani makavu ya miti mingine. Wengine walikuwa na deni kwa mwenye duka lisilokwisha, na mwenye deni hawezi kubishana na mizani. Wakaamua kuweka peni mbili kwa wiki, baadaye tatu. Kupata pauni 28, ambazo husimuliwa kuwa pauni moja kwa kila mwanachama kati ya ishirini na wanane, iliwachukua miezi mingi. Kodi ya chumba kile ilikuwa pauni 10 kwa mwaka. Baada ya kulipia vifaa, bidhaa walizoweza kununua zilikuwa hizi: siagi ratili 28, sukari ratili 56, unga magunia kadhaa, gunia moja la shayiri, na mishumaa. Kisha wakafungua dirisha. Vijana wa viwandani walikuwa wamejaa nje wakiwazomea.

Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi kwenye kitabu cha mafunzo. Kuiona imewekwa pale, gunia kwa gunia, ni jambo jingine. Ni kidogo mno. Duka la mama mmoja pale njia panda ya Ngudu lina vitu vingi kuliko hivyo.

Lakini kanuni walizoandika ndizo tunazozifuata hadi leo. Mtu mmoja kura moja, awe na hisa moja au hamsini. Wanawake wanachama kama wanaume. Mwaka 1846 Eliza Brierley alilipa pauni yake akaandikwa kwa jina lake mwenyewe, wakati mwanamke aliyeolewa Uingereza hakuwa na haki kisheria juu ya mali yake. Bidhaa safi, uzito kamili. Hakuna mkopo. Na faida irudi kwa wanachama kwa kadiri ya walivyonunua, si kwa kadiri ya hisa. Hilo la mwisho nilimweleza mpwa wangu kwa lugha ya kwetu: sisi kwenye mazao tunaita malipo ya pili. Msimu ukiisha, chama kikihesabu kikakuta kimebakiza kitu, mkulima anarudishiwa kwa kila kilo aliyoleta. Akaelewa mara moja. Akauliza, "Na kama chama hakikubakiza?" Hilo ndilo swali la kila mkutano mkuu niliowahi kuhudhuria.

Sikumficha. Nilimwambia vyama vyetu vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na kwamba baba yangu, dada akiwa bado mdogo, alipoteza malipo ya msimu mzima kwa viongozi wa chama waliokula. Ushirika unaumwa kwetu. Nimekaa miaka yote hii kwa sababu siku babu aliposimama upande wa pili wa mizani, akaangalia namba akiwa mwenye duka pia, alibadilika. Bibi ndiye aliyetusimulia. Alisema alirudi nyumbani anaongea.

Orofani kuna vyumba ambamo walifungua maktaba na chumba cha kusomea, maana waliamua kutenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa elimu. Nilipiga picha ya hicho kuliko kitu kingine, niwaonyeshe wajumbe wa bodi wanaokataa bajeti ya mafunzo.

Njaa iliwatoa watoto uvumilivu. Tulikula samaki na chipsi, na hilo lina historia yake pale, maana mwimbaji Gracie Fields alizaliwa mwaka 1898 juu ya duka la samaki na chipsi la bibi yake katika mji huohuo. Sanamu yake iko karibu na Jumba la Mji. Kisha tukapanda bustani ya Broadfield, iliyo mlimani nyuma ya jumba. Huko kuna sanamu ya John Bright, mwana wa mwenye kiwanda cha Rochdale, mbunge aliyepinga utumwa bila kutetereka. Na kuna mnara ambao sikuutarajia, wa mwaka 1900, wa waandishi wanne walioandika kwa lahaja ya Lancashire, mmoja wao mwanamke, Margaret Lahee. Mnara wa lahaja! Nilimwomba dada anipige picha mbele yake. Ningependa Kimvita na Kiamu viwe na mnara kama huo.

Kuhusu Bright kuna jambo ambalo mtu wa pamba hawezi kulipita. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, bandari za kusini zikafungwa na pamba iliyolimwa na watumwa ikakoma kufika Lancashire. Viwanda vikasimama, watu wakalala njaa. Pamoja na njaa hiyo, wafanyakazi wengi wa maeneo haya walikataa kushabikia upande wa wenye watumwa. Mapema mwaka 1863 Wamarekani wa kaskazini wakawaletea chakula kwa meli iitwayo George Griswold, na pipa moja la unga wa meli hiyo limebaki hadi leo, nalo linatunzwa Rochdale. Njaa ile ya pamba haikusahaulika. Karne iliyofuata Waingereza waliunda shirika la kukuza pamba katika makoloni yao, ili Lancashire isitegemee tena mlango mmoja. Na watafiti wa shirika hilo walifanya kazi miaka mingi Ukiriguru, Mwanza. Mbegu aliyopanda babu ilitoka Ukiriguru. Nilikuwa nimesimama kwenye mvua, mlimani, nikitazama mabomba ya moshi yaliyobaki, nikaona kwamba shamba letu na mji huu vilikuwa vikijuana kabla mimi sijazaliwa.

Alasiri tulirudi stesheni tukapanda treni kituo kimoja hadi Smithy Bridge, tukatembea robo saa hivi hadi Hollingworth Lake. Ni bwawa lililojengwa zaidi ya miaka 200 iliyopita kulisha maji Mfereji wa Rochdale. Reli ilipofika, wafumaji wasio na nauli ya kwenda pwani wakaligeuza kuwa bahari yao. Waliliita Bandari ya Wafumaji. Matthew Webb, mtu wa kwanza kuogelea kutoka Uingereza hadi Ufaransa, mwaka 1875, alifanyia mazoezi humo. Njia ya kulizunguka ni kilomita nne hivi, tambarare, hata gari la mtoto linapita. Mvua ilikuwa imekatika. Watoto waliwarushia mabata punje za mahindi na kukimbia mbele yetu, dada akanishika mkono kama tulivyokuwa tukitembea kwenda kisimani.

Tukiwa kwenye benchi niliituma picha ya mizani kwenye kundi la WhatsApp la bodi. Mwenyekiti wetu ana miaka sabini na moja, na si mtu wa maneno. Jibu lilikuja kabla hatujainuka: "Safi sana. Uliza huko, hiyo mizani ilipigwa mhuri na nani?"

Kwetu mizani isiyo na mhuri wa Wakala wa Vipimo haipimi hata kilo moja. Nilisoma ujumbe kwa sauti. Dada akacheka hadi akajifuta machozi, akasema mzee yule hajabadilika tangu alipokuwa akimpimia mama mbegu. Yule mdogo akataka kujua mhuri ni nini, na kwa nini mizani inahitaji mhuri kama barua.

Nilianza kumweleza kwenye treni. Nikaanzia kwa babu, na punda, na furushi. Tuliingia Victoria nikiwa bado sijafika kwenye mhuri.