Jinsi nilivyochagua msumeno wa mnyororo wa bei nafuu kwa shamba langu dogo la miti

Shamba langu liko Mufindi, mkoani Iringa: ekari chache za misindano, na safu ya milingoti upande wa bondeni. Kuvuna miti iliyokomaa si kazi yangu, kwa kuwa wanunuzi wa mbao huja na wakataji wao na mashine zao kubwa. Ugumu uko kwenye kazi ndogondogo ambazo hakuna mkataji anayekubali kuzifuata shambani: kupunguzia miti iliyosongamana, kuondoa iliyoangushwa na upepo na kukatakata kuni za nyumbani. Kwa kazi hizo za mara chache nilihitaji chenso ambayo haitanifilisi wala kunijeruhi.

Nilianza kwa kupima miti kabla ya kwenda kutazama mashine. Miti ya kupunguzia ilikuwa na kipenyo cha kati ya sentimita 15 na 25, na kipimo hicho kilinipa nguvu ya kuwakatalia wauzaji wa Mafinga na Iringa mjini, ambao karibu wote walinielekeza kwenye misumeno yenye bapa refu, yaani kile chuma kinachozungukwa na mnyororo, la sentimita 50 au zaidi. Kwa miti kama yangu bapa la sentimita 35 linatosha na kubakiza, na urefu unaozidi hapo ni mzigo tu unaoielemea mikono, tena unaipeleka ncha mbali na macho ya mkataji. Ncha hiyo ndiyo ya kuogopwa: pembe yake ya juu ikigusa gogo, mnyororo hunasa na mashine nzima huruka kumwelekea aliyeishika kabla hajapata hata nafasi ya kushtuka.

Misumeno ya bei ya chini kabisa ni ile isiyo na jina linaloeleweka, iliyobandikwa maandishi ya injini ya sentimita za ujazo 52 au 58. Siidharau, kwa sababu vipuri vyake ni rahisi, hupatikana kila mahali, na vya mashine moja mara nyingi huingia kwenye nyingine. Hata hivyo, mmoja niliouonyeshwa ulikuwa na breki ya mnyororo isiyoshika: nilisukuma mbele kinga ya mkono, nikauvuta mnyororo kwa kitambaa, nao ukaendelea kuteleza kana kwamba sijafanya kitu. Breki hiyo ndiyo inayotakiwa kuusimamisha mnyororo pale msumeno unaporuka, kwa hiyo punguzo lolote la bei halikuwa na maana tena kwangu. Misumeno ya betri sikuiwazia kwa muda mrefu, maana shambani hakuna umeme, na betri ya akiba peke yake ilikuwa ghali.

Kilichonivutia zaidi ni misumeno iliyotumika ya kampuni zinazojulikana. Fundi mmoja mtu mzima, niliyemsalimia kwa shikamoo na kumweleza haja yangu, aliniambia, "Mwanangu, usidanganywe na rangi, inyanyue kwa kamba yake." Maana yake ni kwamba ukiinua mashine iliyozimwa kwa kushika mpini wa kamba ya kuwashia tu, ile yenye mgandamizo mzuri hushuka polepole, kwa kusitasita, na iliyochoka huporomoka mara moja. Kisha alifungua egzosi ya msumeno mmoja akanionyesha pistoni kupitia tundu la moshi. Ilikuwa na michirizi mirefu ya wima, dalili ya kuendeshwa kwa petroli isiyochanganywa oili ya kutosha, ingawa kwa nje msumeno uling'aa kama mpya.

Baada ya hapo niliamua kununua mpya na mdogo, Stihl MS 180, kutoka kwa wakala mwenye karakana na fundi palepale dukani. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 31.8, na uzito wake ni takriban kilo 4 bila mafuta, bapa wala mnyororo. Husqvarna nayo ina misumeno midogo ya kundi hilo, na kama wakala wa karibu angekuwa wa kampuni hiyo, huenda ningeichukua bila kujiuliza mara mbili, kwani kwa mtu asiyeutumia msumeno kila siku ukaribu wa fundi na mnyororo wa akiba una uzito kuliko nembo. Kabla ya kulipa nilipita ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) kuulizia utaratibu wa kumiliki chombo hicho.

Fedha niliyoiokoa kwa kukataa mashine kubwa ilikwenda kwenye kofia yenye wavu wa uso na vizuia kelele, na kwenye suruali ya kinga, ambayo ndani ina nyuzi ndefu zinazochomoka na kuusonga mnyororo pindi unapoigusa. Nilinunua pia tupa ya duara ya milimita 4, inayolingana na meno ya mnyororo wangu. Kila jino nalinoa kwa pembe ya nyuzi 30 na kwa idadi sawa ya mivuto, na najua nimefaulu msumeno unapotema vipande vya mti. Ukianza kutoa unga, naketi na kunoa upya.

Una mipaka yake. Kwenye mlingoti uliokauka huenda taratibu, na kuupasulia mbao kungekuwa kuuua, kwa kuwa wapasuaji hutumia injini za zaidi ya sentimita za ujazo 70. Katika kila lita ya petroli naweka mililita 20 za oili ya 2T, yaani ya injini za mipigo miwili, inayofaa uwiano wa 50 kwa 1, nami huchanganya kiasi cha kazi ya siku hiyo tu. Mnyororo naulainisha kwa oili safi, si oili chafu ya magari waliyoizoea wengi hapa kwetu, ambayo huja na chembe za chuma na kuiharibu pampu. Kazi ikiisha namwaga petroli iliyobaki, kisha nauacha msumeno uungurume hadi uzime wenyewe, ili kabureta isikae na mafuta mpaka nitakapouhitaji tena.